Sumu ya bunju

Makala hii inahusu sumu ya samaki. Kwa kata ya Mkoa wa Dar es Salaam yenye jina hilohilo, angalia Bunju.

Sumu ya bunju ni sumu inayopatikana katika mwili wa samaki wa familia Tetraodontidae, ambao kwenye pwani ya Afrika Mashariki huitwa bunju au totovu. Sumu kuu ni tetrodotoksini. Hupoozesha misuli ya mwili, pamoja na ile ya kupumua, na hukadiriwa kwamba miligramu 1 hadi 2 zinatosha kumwua mtu mzima. Haiharibiki kwa kuchemshwa, kukaangwa, kukaushwa wala kugandishwa, na hadi leo hakuna dawa ya kuiondoa mwilini.

Kiasi cha sumu hakilingani kwa bunju wote. Hutofautiana kati ya spishi na spishi, kiungo na kiungo, msimu na msimu, na hata kati ya samaki wa spishi moja waliovuliwa katika bahari mbili. Kwa hiyo, bunju kuliwa salama mahali pamoja si uthibitisho wa usalama wake mahali pengine. Jambo hilo lina uzito wa pekee katika miji mikubwa kama Dar es Salaam, ambako samaki wa kutoka sehemu nyingi hukutana sokoni na mnunuzi mara nyingi hajui walivuliwa wapi.

Bunju na spishi zake

Bunju ana mwili mnene usio na magamba ya kawaida, na hana mapezi ya tumbo. Meno yake yameungana kuwa mabamba manne, mawili juu na mawili chini, yanayofanana na mdomo wa kasuku. Jina la kisayansi la familia, lenye asili ya Kigiriki, lina maana ya "meno manne". Akitishwa, hunywa maji haraka akavimba kama mpira. Akitolewa majini huvimba kwa hewa.

Familia hii ina spishi zaidi ya 180, na nyingi huishi katika bahari za joto. Miongoni mwa zile zinazopatikana pwani ya Tanzania na Kenya ni Arothron hispidus mwenye madoa meupe, Arothron stellatus ambaye ni mkubwa sana, bunju wadogo wa jenasi Canthigaster wanaoishi kwenye matumbawe, na Lagocephalus sceleratus. Huyu wa mwisho ana mwili mrefu kuliko wenzake, madoa meusi mgongoni na mstari mpana wa rangi ya fedha ubavuni. Anaweza kufikia urefu wa mita 1 na uzito wa kilogramu 7. Kwa kuwa umbo lake linakaribia lile la samaki wa kawaida na minofu yake ni mingi, ndiye anayeweza kumdanganya mnunuzi kwa urahisi zaidi.

Wako pia bunju wa maji baridi. Tetraodon lineatus huishi katika mto Naili na Ziwa Turkana, na Tetraodon mbu katika mto Kongo na upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika karibu na mdomo wa mto Malagarasi.

Asili ya sumu

Mwaka 1909 mwanasayansi Mjapani Tahara Yoshizumi aliipa sumu hii jina la tetrodotoksini. Muundo wake wa kikemia ulitangazwa mwaka 1964 katika mkutano uliofanyika Kyoto, ambako vikundi kadhaa vya watafiti vilifika na jibu lilelile.

Bunju hatengenezi sumu hiyo mwenyewe. Chanzo chake ni bakteria wa baharini, kama vile baadhi ya wale wa jenasi Vibrio, na huingia mwilini mwa bunju kupitia chakula. Wanyama wadogo hubeba sumu hiyo, nao huliwa na konokono wa bahari, viti vya pwani na minyoo bapa, na bunju hula wanyama hao. Sumu hujikusanya mwilini mwake bila kumdhuru, kwa kuwa neva zake zina umbo ambalo tetrodotoksini haiwezi kulishika. Ndiyo sababu sumu hiyohiyo hupatikana pia kwa wanyama wasio na undugu na bunju, kama pweza mdogo wenye pete za buluu wa Australia na baadhi ya salamanda wa Marekani.

Ushahidi mkubwa wa maelezo hayo umetoka katika ufugaji. Bunju waliofugwa Japani katika mabwawa au vizimba na kulishwa chakula kisicho na sumu hukua bila sumu, na wakilishwa chakula chenye tetrodotoksini huwa na sumu. Kwa hiyo sumu ya bunju hutegemea anachokula, na anachokula hutegemea anakoishi.

Sumu katika viungo na misimu

Kwa bunju wengi wa baharini, ini na mifuko ya mayai ndivyo vyenye sumu nyingi kuliko viungo vingine. Matumbo na ngozi hufuata. Minofu ya baadhi ya spishi za Japani ina sumu kidogo sana au haina kabisa. Kanuni hiyo haihusu bunju wote: minofu ya Lagocephalus lunaris na ya L. sceleratus imekutwa na sumu ya kutosha kuua. Katika bunju wengi wa maji baridi na ya mito wa Asia ya Kusini-Mashariki, ngozi ndiyo yenye sumu zaidi.

Majike huwa na sumu nyingi wakati wa kukaribia kutaga, kwa sababu sumu huhamia kwenye mayai. Hivyo samaki aliyeliwa bila madhara mwezi mmoja anaweza kuua miezi michache baadaye, ingawa amevuliwa na mvuvi yuleyule katika maji yaleyale.

Tofauti kati ya maeneo

- Japani: Bunju, kwa Kijapani fugu, ni chakula cha thamani. Huandaliwa na wapishi wenye leseni, ambao hutoa viungo vyenye sumu na kuvitupa kwa utaratibu maalumu. Minofu huhesabiwa kuwa salama ikiwa ina chini ya mikrogramu 2.2 za sumu kwa gramu moja. Kuuza ini kwenye mikahawa kumepigwa marufuku. Mwaka 1975 mwigizaji mashuhuri wa kabuki, Bando Mitsugoro wa nane, alifariki Kyoto baada ya kula sahani kadhaa za ini la fugu akiamini mwili wake ungeistahimili sumu.

- Bangladesh: Mwaka 2008 watu 141 waliugua katika milipuko mitatu kati ya Aprili na Juni, na 17 wakafariki. Bunju wa baharini walikuwa wamepelekwa katika masoko ya bara na kuuzwa kwa bei ndogo kwa watu wasiowafahamu.

- Bahari ya Mediteranea: Lagocephalus sceleratus alipita Mfereji wa Suez kutoka Bahari ya Shamu, na mwaka 2003 alithibitishwa katika maji ya Uturuki. Wavuvi wa huko hawakuwa na uzoefu naye. Nchini Israeli watu 13 walitibiwa kati ya miaka 2005 na 2008, na vifo vimetokea katika nchi nyingine za eneo hilo.

- Marekani: Kati ya miaka 2002 na 2004 watu 28 waliugua baada ya kula bunju waliovuliwa katika wangwa wa Indian River, Florida. Uchunguzi ulionyesha kwamba sumu haikuwa tetrodotoksini bali saksitoksini, inayotengenezwa na viumbe vidogo vya planktoni. Awali bunju wa eneo hilo hawakujulikana kuwa na sumu hiyo, na uvuvi wao ukapigwa marufuku. Mwaka 2014 watu wawili waliugua mjini Minneapolis baada ya kula bunju mkavu aliyenunuliwa mtaani huko New York.

- Kisiwa cha Réunion: Mnamo Septemba 2013 watu 10 waliugua baada ya kula Lagocephalus sceleratus. Ni spishi ileile inayopatikana pwani ya Tanzania.

Mifano hiyo inaonyesha mambo mawili. Kwanza, sumu inaweza kubadilika hata kwa aina katika eneo lililodhaniwa kuwa salama. Pili, madhara makubwa hutokea mara nyingi pale ambapo samaki na mlaji wake hawajazoeana: samaki amehamia maji mapya, au amesafirishwa hadi soko la mbali.

Afrika Mashariki

Wavuvi wa pwani ya Waswahili wanamjua bunju kuwa samaki wa hatari, na kwa kawaida humtupa anaponaswa katika nyavu, madema au mishipi. Hata hivyo, ujuzi huo haujazuia maafa yote. Mwaka 1967 jarida la kitabibu la East African Medical Journal lilichapisha taarifa ya mvuvi wa Zanzibar aliyekufa kwa kula bunju. Madagaska pia ilikuwa na kisa cha sumu ya bunju katika kisiwa cha Nosy Be mwaka 1998.

Kisiwani Pemba kumekuwa na maafa yanayofanana na hayo, ingawa mnyama na sumu ni tofauti. Nyama ya kasa inaweza kuwa na sumu iitwayo kelonitoksini, ambayo nayo hudhaniwa kutokana na chakula cha mnyama huyo na haiondoki kwa kupikwa. Mnamo Novemba 2021 watu 7 walifariki Pemba baada ya kula kasa. Mnamo Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki na wengine 78 wakalazwa hospitalini. Nyama ya kasa imeliwa visiwani humo kwa muda mrefu, na mara nyingi bila madhara. Ndiyo maana watu huendelea kuila. Kama ilivyo kwa bunju, kula salama jana hakumhakikishii mtu usalama wa leo.

Masoko ya Dar es Salaam

Sehemu kubwa ya samaki wa baharini wanaoliwa katikati ya jiji la Dar es Salaam hupitia Soko la Samaki la Feri, lililopo Magogoni kando ya mlango wa bandari. Soko hilo lilijengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2002. Samaki hushushwa kutoka kwenye boti, mashua na ngalawa, huuzwa kwa mnada, kisha husafishwa na wengine kukaangwa palepale. Wachuuzi huwapeleka Kariakoo, Ilala, Buguruni na mitaa mingine kwa ndoo, baiskeli, pikipiki na bajaji. Katika eneo la Kariakoo huuzwa pia dagaa na samaki wakavu kutoka pwani na kutoka maziwa makuu.

Katika mlolongo huo, hatua iliyo rahisi zaidi kwa kumtambua bunju ni ile ya kwanza. Akiwa mzima, mvuvi au dalali humjua kwa mdomo, ngozi na umbo lake. Akishakatwa kichwa na kuchunwa ngozi, minofu yake ni myeupe na haina alama inayoweza kutambuliwa kwa macho. Haina harufu wala ladha ya pekee. Akishakatwa vipande na kukaangwa, hata mvuvi mwenye uzoefu hawezi kumtofautisha kwa uhakika na samaki wengine. Kwa hiyo ukaguzi unaofanyika mnadani una maana kubwa kuliko ule unaofanyika kwenye meza ya mchuuzi.

Hali ya wanunuzi nayo ina nafasi yake. Ujuzi wa bunju ni urithi wa watu wa pwani, lakini Dar es Salaam ina wakazi kutoka mikoa yote ya Tanzania. Aliyekulia Mwanza au Kigoma anamjua sangara, sato, migebuka na dagaa, na anaweza asijue bunju ni nani. Hali hiyo inafanana na ya Bangladesh mwaka 2008, ambako walioathirika walikuwa wanunuzi wa bara walioona samaki wa bei nafuu. Bei ndogo isiyo ya kawaida kwa minofu isiyo na jina ni sababu ya kuuliza zaidi.

Njia za kujikinga

Hakuna njia ya upishi wa nyumbani inayoondoa sumu ya bunju. Kuosha kwa chumvi, ndimu au siki, kuloweka, kuchemsha na kumwaga maji, au kukaanga hadi akauke, yote hayatoshi. Kumlisha paka na kusubiri matokeo si kipimo, kwa sababu sumu haijasambaa sawasawa katika mwili wa samaki. Kipande alichokula paka kinaweza kuwa tofauti na kile kitakachopikwa.

Kinga inayofaa ni kutomla bunju na kuhakikisha haingii sokoni:

- kununua samaki akiwa na kichwa na ngozi, au kwa muuzaji anayeweza kutaja jina lake na mahali alipotoka;
- kuepuka minofu, mayai na maini ya samaki asiyejulikana;
- kutotumia mayai ya samaki yaliyotenganishwa na samaki mwenyewe, kwani mayai ya bunju huonekana kama ya samaki wengine;
- wavuvi kumrudisha bunju baharini au kumfukia, badala ya kumwacha ufukweni ambako watoto au watu wenye shida ya chakula wanaweza kumchukua.

Dalili

Dalili huanza mara nyingi dakika 10 hadi 45 baada ya kula, ingawa zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Ya kwanza ni ganzi au mchomo kama wa sindano kwenye midomo na ulimi. Ganzi huenea usoni na kwenye vidole. Hufuata kizunguzungu, maumivu ya kichwa, kutapika na udhaifu wa miguu. Mgonjwa hushindwa kutembea, kisha kusema vizuri, na shinikizo la damu linaweza kushuka. Katika hali mbaya, misuli ya kupumua hupooza.

Tetrodotoksini hufanya hivyo kwa kuziba njia ambazo chembe za sodiamu hupitia katika neva, na hivyo amri ya ubongo haifiki kwenye misuli. Sumu yenyewe haiingii kwa urahisi katika ubongo. Kwa sababu hiyo mgonjwa anaweza kuwa amepooza kabisa, hawezi kufumbua macho, lakini bado anasikia na kuelewa yanayosemwa pembeni yake. Kifo hutokea mara nyingi ndani ya saa 4 hadi 6. Mgonjwa anayevuka saa 24 kwa kawaida hupona.

Huduma ya kwanza na matibabu

Mtu mwenye ganzi ya midomo baada ya kula samaki apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dalili zizidi. Maziwa, madafu au mafuta ya kula hayaondoi sumu hii, na kumnywesha mtu aliyeanza kupooza kunaweza kumsababishia kupaliwa. Anayetapika alazwe kwa ubavu. Akiacha kupumua, apuliziwe pumzi hadi afike kwa wahudumu wa afya, hata kama anaonekana amekufa. Mabaki ya samaki, pamoja na kichwa na ngozi vikiwepo, yahifadhiwe na kupelekwa hospitali ili spishi itambuliwe. Wote waliokula chakula hicho wachunguzwe, hata wasiohisi kitu.

Hospitalini, mgonjwa aliyefika mapema anaweza kupewa mkaa maalumu wa kunyonya sumu tumboni. Tiba kuu ni mashine ya kupumulia hadi mwili utoe sumu wenyewe kupitia mkojo. Hivyo, kupona hutegemea sana umbali wa mgonjwa kutoka hospitali yenye chumba cha uangalizi maalumu. Mkazi wa Kariakoo yuko jirani na Hospitali ya Taifa Muhimbili iliyopo Upanga. Kwa mvuvi wa kisiwa kidogo, safari ya kwenda hospitali inaweza kuchukua muda mrefu kuliko ule ambao sumu inamwachia.

Sheria na usimamizi

Nchini Tanzania Bara uvuvi na ubora wa mazao yake husimamiwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, kupitia wizara inayohusika na uvuvi na maafisa wake kwenye mialo na masoko. Jukumu la usalama wa chakula kwa jumla lilihamishwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali huchunguza sampuli pale inapodhaniwa kuwa mtu amekula sumu. Zanzibar ina Wakala wake wa Chakula na Dawa.

Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2004, unakataza kuuza bidhaa za samaki wa familia Tetraodontidae, Diodontidae, Molidae na Canthigasteridae. Kanuni hiyo inawahusu pia wauzaji wa nje, wakiwemo wa Afrika Mashariki, wanaopeleka samaki katika soko hilo. Japani imechagua njia tofauti, yaani kuruhusu spishi maalumu kwa leseni na mafunzo. Njia hiyo inategemea uchunguzi wa miaka mingi wa kila spishi katika maji yake, na matokeo yake hayawezi kutumika moja kwa moja kwa bunju wa bahari nyingine.